Sifa za Kimaumbile za Maziwa ya Mlima Kenya na Tatizo la Istilahi

IKISIRI

Makala haya yanachunguza maziwa madogo yapatikanayo katika nyanda za juu za Mlima Kenya, jinsi yalivyoumbika na sifa zake za kimaumbile. Sambamba na hayo, makala yanajadili ugumu anaoupata mwandishi wa Kiswahili anapotaka kuyaeleza maziwa hayo, kwa kuwa istilahi nyingi za jiografia ya barafu hazijaimarika katika lugha yetu. Hoja kuu ni kwamba maelezo sahihi ya umbo la kitu ndiyo msingi wa istilahi nzuri, na kwamba kazi hii yafaa ifanywe sasa, kabla barafu iliyoyaumba maziwa hayo haijatoweka kabisa.

1.0 UTANGULIZI

Nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu kwenye shule moja ya upili wilayani Murang'a, niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha ya masimulizi kuhusu safari. Mwanafunzi mmoja alisimulia jinsi yeye na wenzake walivyopanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru. Insha yake ilikuwa nzuri. Hata hivyo, alipofika mahali pa kueleza maji aliyoyakuta juu ya mlima, yaliyozungukwa na miamba na kufunikwa na utando wa barafu asubuhi, aliandika kwamba waliketi kando ya "dimbwi". Nilichukua kalamu nyekundu nikaipiga mstari chini ya neno hilo. Dimbwi, nilijiambia, ni maji yatuamayo njiani baada ya mvua; maji ya kukanyagwa na ng'ombe na kukauka baada ya siku mbili tatu. Maji aliyoyaona mwanafunzi huyu yamekaa pale kwa maelfu ya miaka.

Tatizo ni kwamba sikuwa na neno la kuandika pembeni. Niliacha mstari mwekundu bila sahihisho. Aliponijia baadaye kuniuliza angeandikaje, nilimwambia aandike "ziwa dogo". Aliniangalia kwa adabu, akaniuliza, "Mwalimu, kwani Ziwa Naivasha na yale maji ni kitu kimoja, ila tu ukubwa?" Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu, ingawa nimechelewa.

Kwa kuwa somo la jiografia hufundishwa kwa Kiingereza katika shule zetu za upili, mwanafunzi wa Kenya huyajua maumbile ya mlima wake kwa lugha moja na kutakiwa kuyasimulia kwa lugha nyingine. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na vilevile lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kuueleza mlima ulioipa nchi jina lake ina deni, na deni hilo ni letu sisi tunaoisoma na kuifundisha.

2.0 NENO "ZIWA"

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili, "ziwa" lina maana ya eneo kubwa la maji lililozungukwa na nchi kavu, na pia lina maana ya titi. Wingi wake, "maziwa", hubeba maana hizo mbili na kuongeza ya tatu, yaani maji meupe anyonyayo mtoto au yakamwayo kutoka kwa mnyama. Je, hili ni neno moja lililopanua maana au ni maneno tofauti yaliyogongana kwa sauti? Hilo ni swali la wanaisimu historia, nami sitalijibu hapa. Linalotuhusu ni kwamba lugha jirani imefanya jambo linalofanana nalo. Katika Gikuyu, maziwa ya kunywa huitwa "iria", na ziwa la maji huitwa "iria" vilevile. Mtoto wa Murang'a anayejifunza Kiswahili hashangai hata kidogo kusikia maziwa na maziwa, kwa maana nyumbani kwao ni iria na iria.

Msomaji ataona hapo mbele kwamba yako maji juu ya Mlima Kenya ambayo, kwa rangi yake, yangemfanya mtu adhani walioanzisha matumizi hayo walikuwa wameyaona. Huko ni kudhani tu, lakini ni mfano mwema wa jinsi mlingano wa maana usaidiavyo kumbukumbu ya mwanafunzi.

3.0 KUUMBIKA KWA MLIMA NA MAZIWA YAKE

3.1 Mlima wa volkano

Mlima Kenya ni volkano iliyokwisha kuzimika. Ulijengeka kwa milipuko iliyotokea mamilioni ya miaka iliyopita, takriban milioni tatu, na inakisiwa kwamba ulikuwa mrefu zaidi ya mita 6,000. Leo kilele chake cha juu, Batian, kina mita 5,199. Nelion kina mita 5,188. Na Lenana, ambacho wapandaji wengi ndicho wanachokifikia, kina mita 4,985. Vilele hivi si ukingo wa shimo la volkano kama wengi wanavyodhani. Ni kiini kigumu cha mwamba ulioganda ndani ya koo la volkano, kikabaki kimesimama baada ya mwamba laini uliokizunguka kulika na kuondolewa.

Kilichoula mwamba huo kwa kiasi kikubwa ni barafu. Ijapokuwa mlima umekaa karibu na mstari wa Ikweta, ambao hupita Nanyuki, katika vipindi vya baridi vya dunia barafu iliufunika na kushuka mabondeni hadi kwenye mwinuko wa mita elfu tatu na ushei. Barafu hii haikukaa tu kama theluji juu ya paa. Ilikuwa mito ya barafu, yaani barafu nzito iendayo polepole sana kwa uzito wake yenyewe, ikikwangua na kubeba mawe. Hapo ndipo maziwa yetu yalipozaliwa.

3.2 Njia tatu za kuzaliwa kwa ziwa

Kwa kuyatazama maziwa ya mlima huu kwa namna yalivyoumbika, twaweza kuyagawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la maziwa yaliyokaa ndani ya mabakuli. Mto wa barafu unapoanzia kwenye ukuta wa mlima, huuchimba mwamba chini yake kama kijiko kinavyochimba ugali, ukaacha shimo lenye kuta kali pande tatu na mdomo ulioinuka kidogo upande wa nne. Barafu ikishayeyuka, maji hujaa humo. Vilevile, bondeni kuna mahali barafu ilipokutana na mwamba laini zaidi ikazamisha sakafu. Napo maji hutuama. Ziwa Michaelson, lililo katika bonde la Gorges upande wa mashariki, limekaa kwenye sakafu ya bonde la namna hiyo, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Juu yake, kwenye uwanda wa miamba wenye takriban mita 4,300, yako maziwa madogo yaitwayo Hall Tarns. Anayesimama ukingoni mwa uwanda huo, mahali paitwapo Temple, hulitazama Ziwa Michaelson likiwa chini yake moja kwa moja, mita mia tatu hivi.

Kundi la pili ni la maziwa yaliyozuiwa na kifusi. Mto wa barafu hubeba mawe, kokoto na vumbi, kisha huyatua pale unapoishia, kama tingatinga linavyosukuma udongo na kuuacha kama tuta. Mto huo ukirudi nyuma kwa kuyeyuka, tuta hubaki likiziba bonde, na maji hujikusanya nyuma yake. Ziwa dogo liitwalo Lewis Tarn, chini ya mto wa barafu wa Lewis, ni la jamii hii. Liko ndani ya vifusi vilivyoachwa na barafu hiyo hiyo iliporudi nyuma. Kwa umri wa milima, ni ziwa changa mno.

Kundi la tatu halihusiani na barafu. Ni maziwa yaliyomo ndani ya kasoko, yaani mashimo ya volkano ndogo zilizofumuka pembeni mwa mlima mkubwa. Mfano ulio maarufu kwa wataalamu ni lile liitwalo Sacred Lake, upande wa kaskazini mashariki, katika msitu wa Meru, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,350. Tope lililolala chini yake limechimbuliwa na watafiti na kusomwa tabaka kwa tabaka, kwa kuwa limehifadhi mabaki ya mimea ya zaidi ya miaka 100,000. Tope hilo ndilo lililoonyesha kwamba katika kipindi cha baridi kali mahali palipo na msitu leo palitawaliwa na nyasi. Kwa maneno mengine, ziwa hili ni maktaba, na kurasa zake zimepangwa kutoka chini kwenda juu.

4.0 SIFA ZA KIMAUMBILE

4.1 Mwinuko na ukubwa

Maziwa mengi ya mlima huu yako kati ya mita 3,000 na mita 4,800. Ziwa Rutundu, upande wa kaskazini mashariki, liko takriban mita 3,100. Ziwa Ellis, kwenye njia ya Chogoria, takriban mita 3,500. Hut Tarn na Two Tarn ziko karibu mita 4,500, zikitazamana na vilele. Takriban yote ni madogo. Mtu mwenye afya huweza kulizunguka moja kwa miguu kwa muda mfupi, isipokuwa pumzi itamkatika upesi, kwa sababu kwenye mwinuko huo kanieneo ya hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani.

4.2 Rangi

Rangi ya maji hutegemea chanzo chake. Mto wa barafu unaposaga mwamba hutoa unga laini sana, nao huelea majini bila kuzama upesi. Kwa hiyo, ziwa linalopokea maji moja kwa moja kutoka kwenye barafu huwa na maji yasiyopenya macho, ya kijivu au ya kijani iliyochanganyika na weupe. Hapa ndipo nilipokuwa nikimpeleka msomaji: maji haya hufanana na maziwa yaliyotiwa maji mengi. Kinyume chake, maziwa yaliyo mbali na barafu huwa na maji maangavu, au ya hudhurungi pale yanapopita katika vinamasi na mboji ya nyasi. Mtu hahitaji kipimo chochote kujua kama ziwa bado linanyonya kwenye barafu au limekwisha kuachishwa. Atazame rangi tu.

4.3 Joto na barafu ya usiku

Katika nchi za kaskazini, ziwa huganda kipupwe na kuyeyuka kiangazi. Juu ya Mlima Kenya, mabadiliko makubwa ya joto hayako kati ya mwezi na mwezi bali kati ya mchana na usiku. Jua la Ikweta huchoma mchana. Usiku ukiingia, joto hutoroka upesi katika hewa nyepesi. Matokeo yake ni kwamba maziwa ya juu yenye kina kifupi hufanya utando wa barafu usiku, na utando huo hutoweka kabla ya adhuhuri. Maji ya juu yanapopoa huwa mazito na kuzama, nayo ya chini hupanda. Hivyo maji ya ziwa huchanganyika mara kwa mara badala ya kukaa kwa matabaka. Mwanafunzi wangu alikuwa amekiona hiki kwa macho yake: aliandika kwamba asubuhi walirusha jiwe likateleza juu ya maji, na walipopita tena wakati wa kurudi, jiwe lilizama.

4.4 Maji yasiyo na chumvi na uhai mchache

Maji ya maziwa haya hutokana na mvua, theluji na barafu, nayo hupita juu ya mwamba mgumu kwa safari fupi. Kwa hiyo, hubeba madini machache sana yakilinganishwa na maziwa ya Bonde la Ufa kama vile Nakuru na Bogoria, ambayo yana magadi kwa kuwa hayana mto utokao. Karibu maziwa yote ya mlimani yana mlango wa kutokea. Ziwa Michaelson, kwa mfano, hutoa maji yaingiayo Mto Nithi, ambao ni wa mkondo wa Tana.

Kwa kuwa chakula majini ni haba na baridi ni kali, viumbe si wengi. Trauti wapatikanao katika Ziwa Rutundu na Ziwa Alice si wenyeji. Samaki hao waliletwa nchini na Wazungu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mwaka 1905 walitiwa katika Mto Gura katika milima ya Nyandarua, na baadaye wakasambazwa katika mito na maziwa ya Mlima Kenya. Kandokando ya maziwa huota lobelia na senesio kubwa, mimea inayojifunga majani yake usiku mithili ya mtu ajifunikaye blanketi.

5.0 KWA NINI MURANG'A HAINA MAZIWA YA ASILI?

Swali hili huulizwa na kila mtoto wa Murang'a anayesoma ramani. Kaunti imejaa mito: Mathioya, Maragua, Irati, Thika na mingine mingi, lakini haina ziwa la asili la kutajwa. Jibu lapatikana katika mambo yaliyokwisha kuelezwa. Mito ya Murang'a huanzia katika milima ya Nyandarua, ambayo kilele chake cha juu, Ol Donyo Lesatima, kina mita 4,001. Milima hii haikuchongwa na barafu kwa kiasi kilichoonekana katika Mlima Kenya, kwa hiyo mabakuli na matuta ya kifusi hayakuachwa mengi. Zaidi ya hayo, mteremko wa mashariki ni mkali na mvua ni nyingi. Mito imekata mabonde membamba yenye umbo la herufi V, na kati yake imeacha migongo ambayo juu yake watu wamejenga na kulima chai na kahawa. Mahali ambapo maji yana haraka ya kwenda, ziwa halipati nafasi ya kukaa.

Upande wa pili wa milima hiyo hiyo, ambako nchi ni tambarare zaidi, ndiko liliko Ziwa Ol Bolossat, chanzo cha Ewaso Narok, mto uangukao katika maporomoko ya Nyahururu.

Maziwa tuliyo nayo Murang'a, basi, yametengenezwa na watu. Bwawa la Ndakaini huko Gatanga lilikamilika mwaka 1994 na lina uwezo wa kuhifadhi maji yapatayo mita za ujazo milioni 70, nayo huliwezesha jiji la Nairobi kunywa. Bondeni zaidi, katika mkondo wa Tana, kuna mlolongo wa mabwawa ya umeme yaliyoanza na Kindaruma mwaka 1968, kisha Masinga mwaka 1981. Tofauti kati ya bwawa na ziwa la mlimani ni hii: bwawa ni bonde lililozibwa na mtu kwa tuta la udongo au saruji, na ziwa la kifusi ni bonde lililozibwa na barafu kwa tuta la mawe. Mwalimu anayetaka kueleza ziwa la kifusi kwa wanafunzi wa Murang'a hana haja ya picha kutoka Ulaya. Awapeleke Ndakaini, kisha awaambie: badala ya tingatinga, wekeni barafu.

6.0 BARAFU INAPOKWISHA

Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, mlima huu ulikuwa na mito ya barafu 18. Halford Mackinder, aliyefika kilele cha Batian mwaka 1899, aliipitia na kuichora. Tangu wakati huo imekuwa ikipungua bila kukoma. Ule wa Lewis, ambao umepimwa kwa muda mrefu kuliko mingine mingi ya nchi za joto, ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010, kisha ukagawanyika vipande viwili. Ule wa Gregory umetoweka. Katika ripoti yake ya mwaka 2021, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba barafu yote ya milima ya Afrika Mashariki huenda ikaisha kufikia miaka ya 2040, na ya Mlima Kenya mwongo mmoja kabla ya hapo.

Hapa pana haja ya kusahihisha dhana moja. Watu wengi husema kwamba barafu ikiisha, mito yetu itakauka. Ukweli ni kwamba mchango wa barafu katika maji ya mito ya Mlima Kenya ni mdogo. Sehemu kubwa hutokana na mvua inayopokewa na misitu na vinamasi vya mlimani. Anayeukata msitu huidhuru mito kuliko jua linaloyeyusha barafu. Hata hivyo, kupotea kwa barafu si jambo dogo. Maziwa ya juu yatabadilika: yale yenye maji meupe yatatakata, na hayatapokea tena unga wa mwamba uliosagwa. Isitoshe, jina la mlima lenyewe lina uzito hapa. Jina "Kenya" lilimfikia mmishonari Ludwig Krapf, aliyeuona mlima akiwa Kitui mwaka 1849, kupitia kwa Wakamba, nao Wagikuyu huuita Kirinyaga. Wapo wanaoyahusisha majina haya na mbuni dume, mwenye manyoya meusi na meupe, kwa jinsi mwamba mweusi unavyochanganyika na weupe wa barafu. Ikiwa maelezo hayo ni sahihi, kizazi kijacho kitabaki na jina ambalo maana yake haionekani tena kwa macho.

7.0 TATIZO LA ISTILAHI

Sasa turudi kwenye mstari mwekundu. Maneno ambayo mwandishi wa Kiswahili angeweza kuyatumia ni haya:

(a) Dimbwi na kidimbwi. Maneno haya huashiria maji machache, ya muda, aghalabu machafu. Hayafai.

(b) Bwawa. Nchini Kenya neno hili hueleweka hasa kama maji yaliyozuiwa na watu. Kwingineko huweza kuwa hata maji ya asili yaliyotuama. Neno lenye utata wa namna hii halifai kuwa istilahi bila kufafanuliwa.

(c) Lambo. Ni mahali palipochimbwa ili kukinga maji, hasa ya mifugo. Halifai.

(d) Tani. Tukiutohoa msamiati wa Kiingereza "tarn", ambao umo katika majina mengi ya maziwa haya, tutapata "tani", na msomaji atadhani tunapima magunia ya kahawa.

(e) Kiziwa. Udogoshaji huu ni sahihi kisarufi, lakini umekaribiana mno na "kiziwi", na hausemi lolote kuhusu namna ziwa lilivyoumbika.

Inafaa kukumbuka kwamba neno "tarn" lenyewe halikubuniwa na wanasayansi. Lilitoka katika lugha ya kale ya Skandinavia, likaishi katika lahaja ya wakulima na wachungaji wa kaskazini mwa Uingereza, na wanajiolojia wakalichukua huko. Kwa mantiki hiyo, hakuna linalotuzuia kutazama lugha za watu waishio chini ya mlima. Gikuyu hudogosha "iria" kuwa "karia", yaani ziwa dogo. Neno hili lina ufupi na lina wenyewe. Udhaifu wake ni kwamba huweza kutumika kwa maji yoyote madogo yaliyotuama, yawe ya mlimani au ya shambani.

Pendekezo langu ni kuunda istilahi kwa kufuata makundi matatu ya sehemu ya 3.2: ziwa-bakuli, ziwa-kifusi na ziwa-kasoko. Istilahi hizi zina sifa tatu. Kwanza, zimeundwa kwa maneno ambayo msomaji anayajua tayari. Pili, zina uwazi: jina humwambia mtu ziwa lilivyozaliwa, jambo ambalo neno la Kiingereza halifanyi. Tatu, zinazalisha, tukitaka, tuta lililoachwa na barafu litaitwa "kifusi cha barafu" na shimo la mwambani "bakuli la barafu". Kuhusu barafu iendayo, nimetumia "mto wa barafu" kwa kuwa ni wazi. Umbo fupi "barafuto", ambalo limeanza kuonekana katika baadhi ya maandishi, linaelekea kuwa mwungano wa maneno hayo hayo, nalo lina nafasi ya kukubalika.

Mpinzani atasema kwamba wingi wa ziwa-bakuli ni "maziwa-bakuli", na kwamba mtu akisikia hivyo ataona kifungua kinywa. Pingamizi hili ni la haki. Lakini tumekuwa tukitamka "Maziwa Makuu" kwa miaka mingi, katika habari na katika siasa, wala hakuna aliyewahi kuuliza ni ya ng'ombe gani. Muktadha hulinda maana.

Suala la majina ya pekee ni tofauti. Vilele vya mlima vilipewa majina ya malaibon wa Kimaasai, lakini maziwa na mabonde mengi yalipewa majina ya Wazungu: Teleki, Höhnel, Hausburg, Michaelson. Mji wa Murang'a nao uliitwa Fort Hall enzi za ukoloni, ukarudishiwa jina lake. Sidai kwamba majina yote ya mlimani yabadilishwe. Ramani nazo ni historia. Nadai tu kwamba tusisubiri kubadilisha majina ya pekee ndipo tuanze kuwa na majina ya kawaida. Mtu aweza kusema "Hut Tarn ni ziwa-bakuli" na akaeleweka.

8.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba maziwa ya Mlima Kenya yana asili tatu, kwamba rangi, joto na uhai wake hufuata asili hizo, na kwamba ukosefu wa maziwa Murang'a unaelezeka kwa kanuni zile zile. Yameonyesha pia kwamba istilahi hutoka katika ufahamu wa kitu. Nilishindwa kumsahihisha mwanafunzi wangu kwa sababu sikulijua ziwa lake, si kwa sababu Kiswahili kilikosa maneno. Bakuli, kifusi na kasoko vilikuwa katika kamusi siku ile kama vilivyo leo.

Leo ningemjibu hivi: Naivasha ni ziwa la Bonde la Ufa, na maji uliyoyaona ni ziwa-bakuli, si kitu kimoja kilichotofautiana kwa ukubwa. Ningeufuta na ule mstari mwekundu, kwa maana yeye alikuwa amepanda mlima na mimi nilikuwa sijaupanda.

Maswali ya mjadala

1. Je, istilahi iundwe kwa maneno ya Kiswahili sanifu pekee, au lugha kama Gikuyu, Kimeru na Kiembu zipewe nafasi ya kwanza kwa kuwa wenyewe ni majirani wa mlima? Toa hoja ukitumia neno "karia".

2. Linganisha ziwa-kifusi na bwawa la Ndakaini kwa umbo, asili na matumizi.

3. Andika insha ya maneno 400 ukilieleza ziwa au bwawa moja lililo karibu na kwenu bila kutumia neno lolote la Kiingereza. Orodhesha maneno uliyoyakosa, na upendekeze uliyoyaunda.